Naombeni ushauri: nimekata alama kwa sababu ya "gotten", na sasa mzazi amekuja shuleni

Chaki Nyeupe

Habari za jioni, wanajamvi. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari ya binafsi mkoani Arusha, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja darasani. Kuna jambo limeninyima usingizi tangu Jumanne, na hapa nilipo sijui nisimamie wapi.

Katika kidato cha tatu ninaye mwanafunzi wa kike aliyehamia kwetu mwaka jana akitokea Marekani, ambako alizaliwa na kusoma hadi darasa la nane. Katika insha ya mtihani wa muhula aliandika sentensi hii, ambayo nainakili kutoka kwenye karatasi yake: "My mother had gotten sick on the weekend, and our neighbour came to the door and asked, Did you eat already?" Mistari michache chini yake akaeleza kwamba supu ya jirani huyo ilikuwa "different than" ile waliyozoea nyumbani. Nilikata alama moja kwa "gotten", alama moja kwa "Did you eat already" kwa kuwa ilipaswa kuwa "Have you eaten", na alama moja kwa "different than".

Jumanne mama yake alikuja shuleni, akaketi mbele yangu akiwa na kamusi ya Kimarekani mapajani, akaniuliza kwa utulivu kabisa mwanawe amekosea nini. Nilimjibu kwamba hapa tunafuata Kiingereza cha Uingereza. Akaniomba nimwonyeshe ni wapi shule imeandika hivyo, nami sikuwa na karatasi ya kumwonyesha.

Swali langu ni moja tu. Je, "gotten" ni kosa au si kosa?

Mzee wa Kalamu

Mwalimu, usitetereke. Nilikuwa mhariri katika gazeti la Kiingereza kwa miaka ishirini na saba, na katika muda wote huo "gotten" halikupita mezani kwangu hata siku moja. Hilo ni neno walilojitungia Wamarekani, nasi Kiingereza chetu tulikirithi kwa Waingereza.

Lakini kwa kuwa mlango umefunguliwa, niruhusuni niseme linalonichoma zaidi, nalo ni haya tunayoyazalisha sisi wenyewe: "discuss about", "equipments", "furnitures", "return back", "comprises of". Kijana mmoja aliyetoka chuo kikuu aliniletea habari ya kikao cha madiwani iliyosema kwamba wajumbe "discussed about the equipments". Niliizungushia duara la wino mwekundu nikamrudishia, naye akaleta "discussed on the equipments". Nikamrudishia tena. Mara ya nne alisimama mbele ya meza yangu macho yakimlengalenga, akaniambia kwamba kwa Kiswahili tunazungumza kuhusu vifaa, na vifaa vyenyewe vilikuwa vingi, sasa kosa lake liko wapi? Sijapata kumsahau kijana yule. Ila ukurasa haukwenda mitamboni mpaka alipoandika "discussed the equipment".

Mtafsiri wa Nairobi

Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo kwenye "gotten" naomba kukupinga. Wamarekani hawakulitunga neno hilo. Lilikuwa likisemwa Uingereza kwenyewe, walowezi wakavuka nalo bahari, kisha Waingereza wakaliacha huku wenzao wakilitunza. Hata leo Mwingereza analo ndani ya "forgotten" na "ill-gotten" bila kujua kwamba anatamka salio la neno la babu zake. Neno "fall" kwa maana ya majira ya kupukutika majani lilisafiri vivyo hivyo. Kilichobadilishwa kule kwa makusudi ni tahajia, na aliyeipa nguvu zaidi ni Noah Webster, ambaye kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1828: "color" bila "u", na "center" yenye mwisho wa "er". Kuna walimu na wahariri wanaofuta kila "organize" yenye "z" wakiamini ni ya Kimarekani, ilhali kamusi za Oxford zinaitumia "z" hiyo hadi leo.

Tena Mmarekani halitumii "gotten" ovyo. Akisema "I have got a car" ana maana kwamba gari analo, na akisema "I have gotten a car" ana maana kwamba amelipata. Mtoto aliyeandika "had gotten sick" alikusudia kwamba mama yake alishikwa na maradhi, na kwa kanuni za alikosomea sentensi hiyo haina doa.

Mimi natafsiri mihtasari ya vikao, na neno linalonitia hofu kazini ni "table". Mwingereza akisema hoja iwe "tabled" anataka iletwe mezani ijadiliwe sasa, na Mmarekani akisema hivyo hivyo anataka iwekwe kando. Winston Churchill alieleza katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili jinsi maofisa wa nchi hizo mbili walivyobishana kwa muda mrefu juu ya waraka mmoja kwa sababu ya neno hilo, kumbe wote walikuwa wakitaka jambo lile lile.

Mwinjilisti wa Mbeya

Wapendwa, fungueni Biblia ya Kiingereza ya King James, iliyochapwa London mwaka 1611, kitabu cha Mwanzo, sura ya 4, mstari wa 1. Hawa anapomzaa Kaini anasema, "I have gotten a man from the LORD." Mwalimu, neno ambalo watu walisomewa kanisani kwa mamia ya miaka unalikata alama kwa mtoto wa kidato cha tatu? Nenda kwa yule mama, umwombe radhi, na jambo liishe. Mwalimu anayekubali kukosolewa huwafundisha wanafunzi wake zaidi ya kitabu chochote cha sarufi.

Binti Pangani

Poleni na majukumu. Mimi ni muuguzi, nipo Birmingham mwaka wa sita sasa, na nilikuja huku nikiamini kwamba nazungumza Kiingereza cha Waingereza. Wiki yangu ya kwanza wodini, dada mkuu aliniita nikiwa nimeshika mlango kwenda kuchukua shuka, nami nikamjibu "I'm coming", kisha nikatoka. Alibaki ameduwaa. Nyumbani kila mtu angeelewa kwamba nakuja sasa hivi, naondoka na kurudi. Yeye alisikia kwamba namwendea, akaona mgongo wangu ukipotelea kwenye korido. Siku nyingine mwenzangu alipojigonga kidole kwenye kitanda nilimwambia "sorry", naye akaniambia kwamba sina haja ya kuomba radhi kwa kuwa si mimi niliyemgonga. Mimi nilikuwa nampa pole.

Mambo hayo sikuandikiwa onyo wala sikukatwa mshahara. Walinielekeza, nikaelekea.

Baba wa Columbus

Sisi yametupata kinyumenyume. Tulihamia Ohio binti yetu akiwa na miaka kumi na mbili, akitokea shule nzuri ya Dar es Salaam. Mwalimu alimrudishia insha yake ya kwanza akiwa ameandika juu yake neno moja, "Revise". Mtoto aliketi mezani siku tatu, akaisoma insha yake mwenyewe mpaka akaikariri, kwa sababu kwetu "revise" ni kudurusu kabla ya mtihani. Siku ya nne aliirudisha ilivyo, haikubadilika hata nukta, akapewa sifuri. Kule neno hilo lina maana ya kuandika upya na kurekebisha. Nilikwenda shuleni kama alivyokwenda huyo mama kwako, mwalimu, nami pia nilikuwa mtulivu kwa nje. Mwalimu yule alinisikiliza, akaomba radhi, akampa mtoto siku mbili za kuandika upya. Kwa hiyo ukiniuliza upande wangu, mimi nipo upande wa huyo mama kabla hata sijamaliza kukusoma.

Msomaji Kimya

Mwalimu, samahani, nina swali dogo. Mzazi haendi shuleni na kamusi kwa sababu ya alama tatu za insha ya muhula. Alama hizo zilibeba nini?

Chaki Nyeupe

Nawashukuru wote, hasa Mzee wa Kalamu. Ndugu Msomaji Kimya, alama ni alama, na kila mzazi humtetea mwanawe. Mimi nimeshikilia kwamba darasani pawepo kanuni moja. Nikimruhusu huyu kuandika "different than", kesho mwingine atataka "different to", na keshokutwa sitajua nasahihisha nini. Ni kweli kwamba mwongozo wa usahihishaji hausemi lolote juu ya Kiingereza cha Marekani, lakini vitabu vyetu vya kiada ni vya upande ule mwingine, na hilo linatosha kuonyesha njia.

Msomaji Kimya

Hujanijibu, mwalimu.

Chaki Nyeupe

Sawa. Shule hutoa ufadhili wa ada ya mwaka mzima kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeongoza katika Kiingereza. Huyu binti amekuwa wa pili, na tofauti kati yake na wa kwanza ni alama mbili.

Wa kwanza ni binti wa marehemu kaka yangu. Nimeishi naye tangu akiwa na miaka sita, na mimi ni shangazi yake.

Naombeni msikimbilie kunihukumu. Sikukata alama zile kwa ajili yake. Nilizikata usiku wa manane nikiwa na karatasi tisini na mbili mbele yangu, na wakati huo sikuwa nimejumlisha alama za mtu yeyote. Binti yetu anasoma mpaka saa sita za usiku, hakuna aliyempa kitu. Karatasi ya matokeo nimeshaisaini na kumkabidhi mwalimu wa taaluma, kwa hiyo hata mkinishauri vingine, jambo limeshakwenda mbele.

Msomaji Kimya

Umeikabidhi lini?

Chaki Nyeupe

Jumatano.

Mwinjilisti wa Mbeya

Yaani siku moja baada ya yule mama kukaa mbele yako. Mwalimu, sasa hatuzungumzii tena "gotten".

Mama wa Kariakoo

Mimi ningefanya kama yeye na siombi radhi. Yatima aliyelelewa na shangazi anahitaji ada kuliko mtoto aliyetoka Marekani na wazazi wake wote wawili. Mnaotoa mawaidha hapa hamjawahi kuhesabu ada kwa vidole mwezi wa kumi na mbili.

Baba wa Columbus

Dada yangu, kutoka Marekani si kutoka na fedha. Wengi wanaorudi wamerudi kwa sababu zimeisha.

Mkaguzi wa Herufi

Ndugu zangu, kabla hatujaendelea kugombana naomba turudi kwenye sentensi iliyoletwa, kwa sababu mimi nina wasiwasi kwamba tunatoa machozi kwa hadithi ya kutunga. Someni tena. Mtoto aliyezaliwa Marekani na kusoma huko hadi darasa la nane ameandika "neighbour", kwa "u". Kule neno hilo halina "u", hajawahi kuliona nalo kwenye kitabu wala ubaoni. Mtu anayeandika "gotten" na "different than" kwa mazoea ya utotoni, mkono wake hauwezi kuongeza herufi ambayo haijui. Ninavyoona mimi, sentensi hiyo imetungwa na mtu aliyesoma shule za huku, akapachika mambo matatu mashuhuri ya Kimarekani, kisha mazoea yake mwenyewe yakamponza kwenye herufi moja.

Dereva wa Masafa

Nimeegesha lori Singida ili nisome uzi huu bila kukatizwa, sasa naambiwa ni hadithi. Hata kama ni hadithi, mleta uzi aimalizie, kwa sababu nataka kujua ada ilikwenda kwa nani.

Mzee wa Kalamu

Mkaguzi, umeona vizuri. Nilipaswa kuiona mimi. Mwalimu, tunasubiri maelezo yako.

Chaki Nyeupe

Karatasi yake ipo mbele yangu sasa hivi, juu ya kitambaa cha meza, na nimeisogeza chini ya taa ili nisikosee. Herufi "u" ipo, na si mimi niliyeiweka. Aliandika kwanza "neighbor", akalikata kwa mstari mmoja mwembamba, akaandika juu yake "neighbour". Nilipowanakilia niliandika lile la juu tu.

Najua kwa nini alifanya hivyo. Wiki mbili kabla ya mtihani nilitumia kipindi kizima kuwafundisha maneno yanayoishia na "our": colour, honour, labour, neighbour. Huyu binti hukaa dawati la mbele karibu na dirisha. Alinakili yote, kisha akaniuliza kama na "favorite" linaingia humo, nikamwambia ndiyo, naye akaandika "favourite" na kulipigia mstari chini mara mbili. Nimefungua kurasa nyingine za insha yake usiku huu. "Colour" liko sawa. "Favourite" liko sawa, mara tatu.

Kuhusu "gotten" sijawahi kuwafundisha kitu chochote. Wala "different than". Wala ile tofauti ya "Did you eat" na "Have you eaten".

Mkaguzi wa Herufi

Mwalimu, nakuomba radhi kwa kukushuku. Nilikuwa nimeusoma ule "u" kama ushahidi wa uongo wako, kumbe ni alama ya jitihada ya mtoto. Palipofundishwa alijirekebisha mwenyewe katikati ya mtihani, saa ikimkimbiza.

Mtafsiri wa Nairobi

Sasa na mimi niongeze, mwalimu, na naomba ulipokee kama neno la mtu anayeipenda kazi yako. Katika sentensi ile ile yamo maneno "on the weekend". Mwingereza husema "at the weekend". Hukuyakata. Hata "sick" yenyewe, Mwingereza akiitumia peke yake mara nyingi ana maana ya kutapika, na mgonjwa wa kawaida husema yupo "ill". Hukuikata pia. Kwa hiyo kanuni uliyomwambia mama yule, kwamba mnafuata Kiingereza cha Uingereza, sioni ikifuatwa hapo. Ulikata yale ambayo sikio lako liliyasikia kuwa mageni, na yaliyofanana na ya kwetu yakapita.

Ndiyo maana nauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Insha ya binti yenu ina Kiingereza gani?

Chaki Nyeupe

Binti yetu anaandika vizuri. Sijui swali hilo linahusiana vipi na hili.

Msomaji Kimya

Mwalimu, karatasi zote tisini na mbili unazo.

Chaki Nyeupe

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nikiisoma, na nimeisoma mara mbili.

Kuna mahali ameandika kwamba rafiki yake alikasirika na "refused to pick my calls". Nimeweka alama ya vema pembeni. Mbele kidogo wapo ndani ya daladala, na kondakta anawaambia abiria "to extend", yaani wasogee. Hapo pia nimeweka vema. Pengine ameandika "I requested for water". Hapo sikuweka kitu chochote, nilipita.

Binti Pangani

Mwalimu wangu, huku hakuna hata mmoja anayesema hivyo. Simu ni "pick up" au "answer". Na "extend" nililisema kwenye basi siku moja, nikitaka mama mmoja asogee nipate kukaa, akanitazama kama niliyemwomba arefuke.

Mzee wa Kalamu

"Pick my calls" na "requested for" ningeyakata, na nimeyakata mara nyingi sana. Ila ningeyakata kwa kila mtu. Mwalimu, nilikuwa upande wako tangu mwanzo na bado naamini darasa linahitaji kanuni, lakini kanuni yangu ingewakata wote wawili, na pengine binti yako ingemkata zaidi.

Mtafsiri wa Nairobi

Mimi nisingemkata yeyote. Mwaka 2022 kamusi kubwa ya Oxford iliingiza maneno mengi ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, yakiwemo "nyama choma" na "sambaza", kwa hiyo Kiingereza chetu nacho kinahesabika kuwa cha mahali kama kilivyo cha London na cha Chicago. Hata mtihani wa IELTS, ambao vijana wetu huufanya ili waende vyuo vya nje, hupokea tahajia zote mbili, ya Uingereza na ya Marekani. Mzee na mimi hatutapatana leo juu ya "requested for". Lakini ama wote wawili wakatwe kwa njia ya Mzee, ama wote wawili waachwe kwa njia yangu. Njia uliyotumia wewe ilimwacha mmoja.

Mama wa Kariakoo

Na ada ya yatima ataitoa nani kati yenu?

Baba wa Columbus

Swali lako ni la haki, dada. Shule ikiwa na mfuko wa wenye shida, shangazi aombe huko kwa jina lake na kwa sababu zake za kweli. Ufadhili huu umewekwa kwa ajili ya Kiingereza.

Chaki Nyeupe

Nimesoma yote. Sikubali kwamba niliiba, na naomba neno hilo lisitumike hapa. Usiku ule sikujua. Lakini Jumatano nilijua, na nikasaini.

Nimempigia mwalimu wa taaluma saa moja iliyopita. Karatasi ya matokeo bado ipo mezani kwake, mkuu wa shule hajaiona, na nimemwomba asiipeleke kokote. Nimemweleza kwamba mmoja wa wanafunzi wale wawili ni wa nyumbani kwangu, jambo ambalo nilipaswa kulisema kabla ya mtihani. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema insha zote mbili zisahihishwe na watu wawili ambao si mimi, na wasijue ni za nani.

Tatizo ni mwandiko. Ndani ya shule yetu mwandiko wa binti huyu unajulikana, ule wa duara waliofundishwa kule, na wa binti yetu unajulikana zaidi. Basi nimekaa hapa nazichapa zote mbili kwenye kompyuta, neno kwa neno, koma kwa koma, bila kugusa kitu. Pale kwenye "neighbor" nilisita, sikujua nichape lipi, mwishowe nimeyaweka yote mawili kama alivyoyaacha, la kwanza likiwa na mstari juu yake. Ya pili ndiyo nimeianza sasa. Nilikuwa nimefika kwenye "refused to pick my calls" niliposikia mtu amesimama nyuma ya kiti changu. Alikuwa amekuja jikoni kuchukua maji, akasoma kioo juu ya bega langu, akasema, "Shangazi, hiyo si ni ya kwangu?"